VM zinasubiri prosesa ilhali seva mama inaonesha 55% tu

Kisima_cha_Chake (Chake Chake) aliuliza:

Assalaam alaykum. Nataka kuelewa jambo hili kabla sijaandika maombi ya pesa za seva mpya.

Seva mama ni moja: Proxmox VE 8 (mfumo wa kuendesha VM, yaani kompyuta pepe, ndani ya seva moja), prosesa moja Xeon Silver 4110 (kori 8, thredi 16, 2.1 GHz), RAM GB 128. VM ni sita (vCPU ni prosesa pepe ambayo VM inaiona):

101 hifadhidata, PostgreSQL juu ya Debian: vCPU 8
102 uhasibu, Windows Server, unatumia hifadhidata ya 101: vCPU 8
103 wavuti: vCPU 4
104 mafaili: vCPU 4
105 masomo ya skuli, Moodle: vCPU 8
106 kumbukumbu na ripoti: vCPU 4

Jumla vCPU 36. Kila siku ya kazi, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nne kasorobo hivi, uhasibu unakwama. Ukihifadhi risiti moja unangoja sekunde nane mpaka kumi. Ndani ya 101 `top` inaonesha us 20 (kazi za programu), wa 2 (kungoja diski), st 24. Grafu ya seva mama haivuki 55%. Ndani ya 102, Windows inasema prosesa iko 30%.

Naomba kujua: hiyo st ni nini khasa? Kama seva mama ina 45% tupu, nani anaiba? Na nikiipa 101 vCPU 12 itakuwa nafuu?

---

FundiMalindi (Mjini) alijibu:

Wa alaykum salaam. Nianze na la mwisho: usiongeze. Kwa dalili hizo, ukiongeza huenda ikazidi kuwa mbaya, na utaona sababu huko mbele.

vCPU si kipande cha prosesa ulichokatiwa ukakiweka mfukoni. Chini ya KVM (sehemu ya Linux inayoendesha VM, ambayo Proxmox inaitumia), kila vCPU ni thredi ya kawaida, yaani mkondo mmoja wa kazi, ndani ya mchakato wa QEMU, programu inayoibeba VM. Kerneli (kiini cha Linux) ya seva mama inaipangia zamu pamoja na thredi nyingine zote: za VM jirani, sshd, bakapu, ZFS. Zamu ikifika, prosesa inaingia ndani ya VM na kuendesha amri za mgeni (yaani VM) moja kwa moja, kwa kasi yake yote. Zamu ikiisha, au mgeni akihitaji kitu ambacho lazima mwenyeji (seva mama) amfanyie, prosesa inatoka na kurudi kwa kerneli. Mpanga zamu ni yule yule wa Linux, CFS kwa kerneli za kabla ya 6.6 na EEVDF kuanzia hapo. Proxmox 8 ukiwa umeipandisha mpaka kerneli 6.8 uko kwa EEVDF.

vCPU isiyo na kazi hutoa amri ya HLT na thredi yake inalala, haishiki kitu. Ndiyo maana vCPU 36 zinaweza kuishi juu ya thredi 16 bila ugomvi, mradi zisiamke pamoja.

Sasa st. Huo ni muda ambao vCPU ilikuwa na kazi, iko tayari kukimbia, lakini seva mama haikuipa zamu. KVM inapima muda thredi ya vCPU iliokaa kwenye foleni na kumpelekea mgeni hesabu. Kwa hiyo st 24 ina maana kwamba, kwa wastani wa vCPU zote nane, karibu robo ya muda ilipotea foleni. Bonyeza 1 ndani ya `top` uone kila vCPU peke yake, maana wastani unaficha.

Windows haikuoneshi kitu cha namna hiyo kwenye Task Manager, kwa hiyo ile 30% ya 102 usiitegemee. Ipime kutoka nje, kwenye seva mama:

`pidstat -t -p $(cat /var/run/qemu-server/102.pid) 1`

Utaona mistari ya thredi zilizoandikwa `CPU 0/KVM`, `CPU 1/KVM` na kuendelea. Tazama safu ya %wait. Hiyo ndiyo foleni. (pidstat imo kwenye kifurushi cha sysstat, `apt install sysstat`.)

Tuletee pia matokeo ya `qm config 101`, yaani mipangilio ya VM hiyo. Kuna kitu nakishuku.

---

Nahodha_wa_ESXi (Fumba) alijibu:

Kwa msaada wa kuona: vCPU nane ni kama dau linalotaka mabaharia wanane. Nahodha hang'oi nanga mpaka wote wanane wapande. Bandarini wakiwapo watano, dau linakaa, na hao watano hawana pengine pa kwenda. Dau la mabaharia wawili limeshaondoka, limerudi. Ndiyo maana VM kubwa hungoja zaidi ya ndogo. Punguza vCPU, basi.

---

BintMkoani (Mkoani) alijibu:

Nahodha, mfano ni mzuri ila dau lako la zamani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa ESX 2 (mfumo wa VM wa kampuni ya VMware, baba wa ESXi), vCPU zote za VM zikipangwa pamoja kwa lazima. Kuanzia ESX 3 VMware walilegeza: vCPU zinaweza kutangulia peke yake, ila moja ikizipita wenzake mno husimamishwa ziifikie. Kusimamishwa huko ndiko esxtop, kipimo chao kinachofanana na `top`, inakoandika %CSTP.

KVM haina sharti hilo kabisa. Kila thredi inapangwa kivyake. VM pana inaumia kwa njia nyengine: vCPU 3 inashika kufuli (kinga ya kuzuia wenzake wasiguse data ile ile) ndani ya kerneli ya mgeni, halafu seva mama inainyang'anya zamu kufuli likiwa bado mkononi. vCPU 0, 1 na 5 zinazunguka palepale zikilingojea, zinakula zamu zao bure. Prosesa za sasa zinautambua mzunguko wa aina hiyo na kumtoa mgeni nje, na Linux ya mgeni ikijua iko ndani ya KVM hulala badala ya kuzunguka, kwa hiyo madhara yamepungua sana. Hayajaisha.

Kisima, hiyo 55% pia isikulaghai. Kwanza, ni asilimia ya thredi 16. Kori ni 8. Thredi mbili za kori moja zinagawana vifaa vile vile vya kukokotoa. Ya pili inapata mabaki, na mara nyingi faida yake ni kiasi cha asilimia 20 mpaka 30, haifiki mara mbili. Grafu ikisema 50%, huenda kori zote nane zina thredi moja inayofanya kazi, yaani sehemu kubwa ya nguvu imeshatumika. Na msongamano huu hauingii kwenye st! Seva mama inaona vCPU yako inakimbia. Haijui kwamba inakimbia na mwenzake mgongoni. Utaona us inapanda kwa kazi ile ile ya jana.

Pili, grafu hiyo ni wastani wa dakika nzima. Foleni inayotesa hifadhidata hupimwa kwa milisekunde. Tazama badala yake:

`cat /proc/pressure/cpu`

Mstari wa some, avg10, ni asilimia ya muda, katika sekunde 10 zilizopita, ambao kulikuwa na angalau kazi moja iliyosubiri prosesa.

---

Kisima_cha_Chake alijibu:

Shukran nyote. Hii hapa, mistari inayohusika:

```
cores: 8
cpulimit: 2
cpuunits: 100
memory: 32768
sockets: 1
```

Hiyo cpulimit 2 niliweka zamani ili 101 isiwamalize wenzake. Nilidhani maana yake ni "tumia kori mbili". avg10 leo saa tatu na robo ilikuwa 9.40. Sikutegemea iwe ndogo hivyo.

---

FundiMalindi alijibu:

Nilichokishuku ndicho hicho. Mwizi umemwajiri mwenyewe.

cpulimit haimfungi mgeni kwenye kori mbili. Ni bajeti ya muda: katika kila kipindi cha milisekunde 100, VM nzima inaruhusiwa kutumia milisekunde 200 za prosesa, jumla ya thredi zake zote. Sasa fanya hesabu ukiwa na vCPU nane. Zikiamka zote kwa pamoja, kila moja inatumia milisekunde 25, nane mara 25 ni 200, bajeti imekwisha. Milisekunde 75 zilizobaki VM yote imegandishwa. Kipindi kipya kikianza, 25 mbio, 75 kulala. Seva mama inaweza kuwa tupu kama uwanja wa Gombani siku isiyo na mechi, bado itaganda.

Lililo baya zaidi ni kwamba bajeti hiyo ni ya mchakato mzima wa QEMU. Thredi zinazoshughulikia diski na mtandao wa VM zimo humo humo. Kwa hiyo VM ikiganda, hata jibu la diski lililokwisha kufika linangoja kipindi kifuatacho. Risiti moja ikifanya maulizo mia kwenye hifadhidata, na kila moja likipigwa na milisekunde 75, sekunde saba na nusu umezipata.

Thibitisha, usichukue maneno yangu:

`grep -E 'nr_periods|nr_throttled|throttled_usec' /sys/fs/cgroup/qemu.slice/101.scope/cpu.stat`

Iendeshe, ngoja dakika moja kamili, iendeshe tena, utoe tofauti. nr_periods itapanda kama 600 VM ikiwa na kazi mfululizo. nr_throttled ni vipindi ambavyo bajeti iliisha. Ikipanda zaidi ya makumi machache, umeshampata.

 Na ungeongeza vCPU mpaka 12 kwa bajeti ile ile, kila moja ingepata milisekunde 16 na kitu halafu kulala 83.

---

Kisima_cha_Chake alijibu:

Kwa dakika moja, saa tatu na dakika ishirini: nr_periods imepanda 600, nr_throttled imepanda 371. Jioni saa kumi na moja nimepima tena: 600 na 4.

Lakini mbona asubuhi tu? Watu wanaotumia uhasibu ni wale wale kutwa nzima.

---

BintMkoani alijibu:

Nitauliza swali la ajabu kidogo. Bakapu yako ina saa ngapi pale Datacenter, Backup? Soma tarakimu zenyewe, usiseme unavyokumbuka.

---

Kisima_cha_Chake alijibu:

Imeandikwa 09:00. Niliiweka saa tisa usiku watu wakiwa wamelala… Laa. Nimeona.

---

BintMkoani alijibu:

Hewalla. Proxmox inahesabu kuanzia saa sita ya usiku, haijui saa ya Kiswahili. Saa tisa usiku ni 03:00. Hiyo 09:00 ni saa tatu asubuhi, wafanyakazi ndiyo kwanza wanafungua kompyuta. Si wa kwanza wala hutakuwa wa mwisho. Ukikabidhiwa seva ya mtu, saa za bakapu na za cron (kazi zinazojiendesha kwa saa) ni vitu vya mwanzo vya kukagua.

Na bakapu inagusa prosesa mahali pawili. VM ikiwa inafanya kazi, anayesoma diski yake ili kuinakili ni QEMU ya VM hiyo hiyo, kwa hiyo muda wake unatoka kwenye bajeti ile ya milisekunde 200. Hifadhidata na bakapu yake zinanyang'anyana sahani moja. Ukipeleka kwenye Proxmox Backup Server, hata kubana data na kupiga alama za kila kipande hufanyika humo ndani. Ukihifadhi kwenye faili la kawaida, zstd, programu ya kubana data, ni mchakato wa nje, angalia `/etc/vzdump.conf`. Ukiona `zstd: 0`, ina maana itumie nusu ya kori. Chaguo-msingi ni 1, liache hapo.

---

FundiMalindi alijibu:

Basi tengeneza kwa mpango huu. Bakapu iende 03:00 leo leo, haihitaji kuzima kitu. Halafu:

`qm set 101 --delete cpulimit`
`qm set 101 --cores 4 --cpuunits 300`

Kuondoa cpulimit na kubadili cpuunits hushika papo hapo. Idadi ya kori haishiki mpaka QEMU ianze upya. Ukiwasha upya kutoka ndani ya Debian haitoshi, kwa sababu mchakato wa QEMU ni ule ule. Tumia `qm reboot 101` kutoka seva mama, au zima kabisa uwashe.

cpuunits ndicho kifaa ulichokuwa unakitafuta tangu mwanzo. Ni uzito, na unafanya kazi pale tu panapokuwa na kugombea. Prosesa ikiwa na nafasi, VM yenye uzito 20 inakula inavyotaka. Zikibanana zote, mgao unafuata uzito: 101 ikiwa 300 na nyingine tano 100 kila moja, jumla ni 800, basi 101 ina haki ya 300 kwa 800 za thredi 16, yaani sita. Ina vCPU nne, kwa hiyo haitakosa. cpulimit inafaa kwa mtu aliyekodi VM na amelipia kiasi fulani, au programu yenye tabia ya kukimbia ovyo. Kwa hifadhidata inayotegemewa na ofisi nzima, siipendi aslan. Ukilazimika kuiweka, isiwe chini ya idadi ya vCPU.

Zingine zipunguze kwa kipimo. Ndani ya Linux, `vmstat 1` wakati wa kazi nyingi, tazama safu ya r. Ikiwa r haipiti 3 isipokuwa mara moja moja, vCPU nne zinatosha na kubaki. Kwa kuangalia tu ningesema 102 nne, 103 mbili, 104 mbili, 105 nne, 106 moja na cpuunits 20. Jumla 17 juu ya kori 8. Hapo unapumua.

---

Nahodha_wa_ESXi alijibu:

Nimekubali kuhusu dau. Kwa walio na ESXi wanaosoma: foleni hiyo inaitwa %RDY ndani ya esxtop. Kwenye grafu ya muda halisi ya vSphere inakuja kwa milisekunde, na kila nukta ni sekunde 20. Kwa hiyo 1000 ni 5%, 2000 ni 10%. Namba ya VM nzima ni jumla ya vCPU zake, igawe kwanza kabla hujaogopa. Wengi huanza kushughulika ikivuka 5% kwa vCPU moja, na %CSTP ikivuka 3%. Na huku pia ukiweka Limit yatakukuta yale yale; esxtop inayaonesha kwa %MLMTD.

Kisima, si afadhali ungeifunga 101 kwenye kori zake mwenyewe?

---

BintMkoani alijibu:

Inawezekana, `qm set 101 --affinity 0-3`, lakini kwa seva ndogo ya namna hii mimi simshauri. Ukiifunga 101 hujamfukuza mwengine. VM nyingine bado zinaruhusiwa kukimbia kwenye 0 mpaka 3, isipokuwa nazo uzifunge kwengine. Umemnyima mpanga zamu uhuru wa kuihamishia 101 kwenye kori tupu, basi. Na wengi hukosea namba: kwenye prosesa hiyo kwa kawaida 0 na 8 ni thredi za kori moja. Ukifunga VM moja kwa 0 na nyingine kwa 8 ukidhani umezitenganisha, umeziweka chumba kimoja. `lscpu -e`, soma safu ya CORE. Kufunga kuna maana kwenye mashine za soketi mbili, ili VM ibaki karibu na RAM ya soketi yake. Hapa soketi ni moja.

La mwisho, na hili ni la visiwani kwetu. Umeme ukikatika, UPS inaishika seva lakini kiyoyozi kimezima. Chumba kikipanda joto, prosesa inajipunguzia kasi ili isiungue. Hakuna st, hakuna foleni, kila VM inakuwa nzito tu. Endesha `turbostat --interval 5` uangalie Bzy_MHz (kasi ya kori zikiwa kazini) na PkgTmp (joto la prosesa). Kori zikiwa na kazi, Bzy_MHz iko chini ya 2100 na PkgTmp iko juu, huenda tatizo ni hewa. Vumbi na chumvi kwenye feni huleta hali ile ile hata kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi.

---

Kisima_cha_Chake alijibu:

Nimebadilisha yote jana usiku. Leo saa tatu na dakika ishirini: st ya 101 ni 0.3, risiti inahifadhiwa chini ya sekunde moja, avg10 ni 2.10. Bzy_MHz 2390, PkgTmp 61.

102 bado ina %wait ya 6 mpaka 8 kwenye `CPU 0/KVM` peke yake, nyingine tatu ziko 1.

---

FundiMalindi alijibu:

Tazama `qm config 102`, mstari wa ostype (aina ya mfumo uliomo ndani ya VM). Ikiwa `other` au `l26`, Windows haipewi zile njia za mkato za saa na kukatiza, na inaitoa prosesa nje ya VM mara nyingi bila sababu. Iwe `win10` kwa Server 2016 na 2019, `win11` kwa 2022. Kama ni sahihi, angalia kadi ya mtandao: ikiwa e1000 (kadi ya kuigiza), weka virtio (iliyoundwa kwa VM), ila sakinisha dereva zake ndani ya Windows kwanza kabla hujabadilisha, la sivyo itaamka haina mtandao.

---

Kisima_cha_Chake alijibu:

Ni `other`, na kadi ni e1000. Nashusha dereva sasa hivi. Nitabadilisha Ijumaa baada ya sala, ofisi ikiwa imefungwa.